Chemchemi za Moto za Bogoria: Kila Kitu Msee wa Kisii na Nyamira Anafaa Kujua Kabla ya Kushika Mat

Manga Ridge ushaenda, picha ya kusimama kwa ukingo ushapost mara tatu, na mbogi yako bado inauliza form ya wikendi ndefu ni gani. Mtu mmoja kwa grupu ya WhatsApp anatupa video: maji yanaruka kutoka ardhini kama paipu imepasuka, moshi mweupe kila mahali, na msee anachemsha mayai bila jiko. Hapo ndipo risto ya Bogoria huanza.

Hiyo place iko, si editing. Lakini kuna vitu viwili ambavyo video haikwambii. Cha kwanza, yale maji si ya kuogelea, na yanaweza kukumaliza. Cha pili, pale ni nyumbani kwa watu ambao walifukuzwa ndio hifadhi ikaanzishwa. Ukishika rada kwa hivyo vitu viwili, trip yako itakuwa fiti. Hebu tuanze na mambo ya msingi.

BOGORIA KWA UFUPI

- Iko wapi: Kaunti ya Baringo, ndani ya Bonde la Ufa, karibu na mji wa Marigat.
- Jina kamili: Hifadhi ya Kitaifa ya Ziwa Bogoria. Msimamizi ni serikali ya kaunti ya Baringo, kwa hivyo pesa ya kuingia inaenda kwa kaunti.
- Ukubwa: kilomita 107 mraba.
- Chemchemi: kama 200 hivi, kuanzia zile za uvuguvugu hadi zile zinazochemka kabisa.
- Heshima zake: 2001 iliingia kwa orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani. 2011 UNESCO ikaiweka kwa Urithi wa Dunia pamoja na ziwa Nakuru na ziwa Elementaita.
- Jina la zamani: wazungu waliliita Lake Hannington, kwa sababu ya askofu James Hannington aliyepita hapo 1885 akielekea Uganda. Hakurudi, aliuawa Busoga mwaka huo huo.

MBONA SISI GUSII HATUNA?

Swali zuri, maana huku kwetu chemchemi ziko kila bonde. Ukichimba kidogo tu, maji. Lakini ni baridi, hata mathe hutuma mtoto mtoni asubuhi na anarudi akitetemeka.

Tofauti ni umri. Mawe ya vilima vya Gusii mengi yalitokana na volkano pia, lakini hizo volkano zilikufa zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Moto wake uliisha kitambo sana. Bonde la Ufa bado liko kazini. Ardhi inavutwa pande mbili, gamba la dunia linakuwa jembamba, na joto la chini linakaribia juu.

Sasa mvua inanyesha kwa milima ya kando, maji yanaingia kwa nyufa za mawe, yanashuka chini sana, yanapashwa moto, halafu yanatafuta njia ya kurudi juu. Kama njia ni pana, yanatoka polepole na kutokota kama sufuria ya obokima. Kama njia ni nyembamba, presha na gesi zinayarusha juu. Hizo zinazorusha ndizo wataalamu huita gaiza. Za Bogoria zinajulikana kwa kurusha maji mita kadhaa hewani.

Kitu kingine: ziwa liko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, chini sana kuliko Kisii mjini ambayo iko karibu mita 1,700. Kwa hivyo jua la huko si la huku. Na kwa urefu huo maji huchemka kama nyuzi 96 au 97, hayangoji kufika 100. Ukiona yanatokota, hayo ni maji ya chai kabisa.

UTAONA NINI HASA

Usiende na matarajio ya video ya 2009. Kuanzia karibu 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kupanda, na 2020 yakapanda zaidi. Bogoria ilimeza barabara ya kando ya ziwa, ikameza lango la zamani la Loboi, na chemchemi nyingi za pale Loburu, zile maarufu zaidi, zikaingia chini ya maji. Mahali palipokuwa na gaiza, saa zingine unaona tu ziwa linatoa mapovu na mvuke. Zingine bado ziko juu, na zingine hujitokeza au kupotea kulingana na kiwango cha maji.

Kwa hivyo kabla hamjachanga doh, pigieni mtu aliye huko: hoteli, kambi, au mwongozaji wa Loboi. Uliza maswali matatu tu. Chemchemi gani zinaonekana mwezi huu? Barabara ya ndani inafika wapi? Gari ndogo inapita?

Mbali na maji moto, kuna:

- Flamingo. Heroe hawa wadogo hula mwani unaoota kwa maji ya magadi. Kuna wakati wanajaa mpaka ufuo unakuwa wa pinki, na kuna wakati wamehamia Nakuru au kwingine. Hakuna mtu anaweza kukuahidi.
- Tandala mkubwa. Ni yule swala mwenye pembe za kujisokota kama skrubu. Bogoria ni moja ya sehemu za Kenya ambapo una chance nzuri ya kumwona, hasa asubuhi na jioni kwa miteremko yenye vichaka.
- Ukuta wa mlima upande wa mashariki, unaoshuka karibu moja kwa moja hadi kwa maji. Manga ni noma, lakini hii nayo itakunyamazisha.

KUFIKA HUKO KUTOKA KISII NA NYAMIRA

Kutoka Kisii mjini hadi lango ni takriban kilomita 320. Si safari ya kwenda na kurudi siku moja kwa mat, labda uwe unataka kuona Bogoria kwa dakika kumi halafu ulale barabarani.

1. Kisii hadi Nakuru. Shika shuttle ya asubuhi na mapema. Njia ni Keroka, Sotik, Litein, Kericho, halafu Mau Summit, Salgaa na Nakuru. Wa Nyamira mjini wanaweza kuipata hiyo barabara Keroka, na wa Borabu wanaingilia Chebilat.

2. Nakuru hadi Marigat. Hapa unabadilisha. Tafuta mat za Marigat au Kabarnet. Ni kama kilomita 100, lami. Mkifika Mogotio mnavuka Ikweta, na kuna alama kando ya barabara, kwa hivyo mwenye simu ya picha poa ajipange.

3. Barabara kuu hadi Loboi. Njia ya kwenda ziwani inachepuka kulia kabla tu hujaingia Marigat, halafu ni kama kilomita 20. Unaweza kushukia hapo uchukue nduthi, lakini wengi hufika Marigat kwanza kununua maji na chakula, ndio watafute nduthi au teksi. Mpatane bei ya kwenda NA kurudi kabla hujapanda. Jioni nduthi zikiisha, utajua hujui.

4. Ndani ya hifadhi. Chemchemi ziko mbali na lango, kilomita kadhaa za jua kali. Ulizia langoni kama nduthi yako inaruhusiwa kuingia siku hiyo.

Kama mko watu kumi na kitu, hesabuni bei ya kukodisha mat nzima kutoka Kisii. Mara nyingi inatoshana na ile pesa ya kubadilisha-badilisha, na mnapata gari la kuwazungusha ndani.

PESA: PANGA HIVI

Hatuandiki bei hapa kwa sababu fare hupanda na kaunti hubadilisha ada. Usiamini bei ya post ya zamani. Badala yake gawa budget yako kwa mafungu matano: fare ya kwenda na kurudi, ada ya kuingia (ya mtu, na ya gari kama mko nalo), malazi, chakula na maji, na mwongozaji. Kisha ongeza ya dharura ambayo hakuna mtu anaigusa, hata beshte akilia.

Beba kitambulisho. Mkenya hulipa ada ya Mkenya, lakini lazima uonyeshe. Kama uko campo, uliza kama kuna bei ya wanafunzi na ubebe kadi ya shule.

Kwa mwongozaji usibanie. Hiyo si pesa ya bure. Yeye ndiye anajua ardhi iko imara wapi, na sasa tunafika hapo.

HAYA MAJI YANAUA

Wacha tuongee bila utani. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi vibaya kwa kama sekunde tano. Ya nyuzi 70, ni chini ya sekunde moja au karibu hapo. Haya ya Bogoria yanakaribia 97. Ukiteleza mguu ukaingia, kabla ubongo haujakwambia "toa", kazi imeisha.

Na hatari kubwa hata si lile shimo unaloona. Ni ukingo wake. Maji yenye madini yakikauka huacha gamba jeupe linalofanana na sakafu. Chini yake kunaweza kuwa na maji yanayochemka. Unakanyaga, linavunjika kama ganda la yai.

Hii haitokei kwetu pekee. Kule Yellowstone, Marekani, hifadhi ya tangu 1872 yenye njia za mbao na mabango kila mahali, watu zaidi ya 20 wamekufa kwa kuunguzwa na chemchemi. Juni 2016 kijana wa miaka 23 aliacha njia akitafuta mahali pa kuoga, akateleza. Waokoaji hawakupata mwili wa kuzika. Hapa kwetu mabango ni machache zaidi, kwa hivyo akili yako ndiyo bango.

Sheria za kufuata:

- Kanyaga pale mwongozaji amekanyaga. Ukiona udongo mweupe, wenye unyevu au unaotoa mvuke, kaa mbali.
- Usirudi nyuma ukipiga selfie. Simama kwanza, angalia nyuma, ndio uinue simu.
- Mvuke ukikufunika, simama tu. Ngoja upepo uutoe. Usitembee kama huoni.
- Mtoto ashikwe mkono muda wote.
- Pombe iachwe kejani. Sherehe ni baada, si kando ya shimo.
- Vaa viatu vya kufunika mguu. Slides ni za hotelini.
- Mayai: kama mlinzi amekubali, tumia kamba ndefu au fimbo na mfuko wa wavu. Usiiname. Maganda yote rudi nayo, si mapambo.
- Usioge ziwani. Maji ni ya magadi makali, pH yake ni karibu 10. Yatachoma macho, na ukiwa na kidonda utalia.

Unataka kuoga kabisa? Karibu na lango kuna hoteli yenye dimbwi linalotumia maji ya chemchemi ya uvuguvugu, na wageni wasiolala hapo huulizia kuingia kwa malipo. Hapo ndipo luku yako ya kuogelea ina kazi.

MTU AKIUNGUA

Mtoe kwa joto. Vua pete, saa na nguo isiyoshikana na ngozi. Mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20, yale ya kunywa mliyobeba, si ya ziwa. Usipake dawa ya meno, majarini, yai wala unga. Usipasue malengelenge. Funika na kitambaa safi au plastiki safi ya kufungia chakula, kisha kimbiza hospitali ya Marigat. Kama ameungua sehemu kubwa, uso, au ni mtoto, wambie mapema ili wapange kumpeleka Nakuru.

Ndio maana tunasema kila mtu abebe angalau lita tatu. Moja au mbili za kunywa, nyingine ya hiyo siku mbaya ambayo tunaomba isifike.

WENYEWE NI WAENDOROIS

Hii ndiyo sehemu watu huruka, na ni makosa.

Kabla Bogoria haijawa hifadhi, walikuwa Waendorois. Ni wafugaji walioishi kando ya ziwa kwa karne nyingi. Mifugo ililamba chumvi ya hapo, dawa za miti zilitoka hapo, na maombi na sherehe zao zilifanywa hapo hapo ziwani. Kuanzia 1973 serikali ilipotenga hifadhi, familia mia kadhaa zilihamishwa. Wengi walisukumwa sehemu kavu ambako ng'ombe walikufa, na ili mtu aingie kwa ardhi ya babu yake alihitaji ruhusa.

Walienda kortini hapa Kenya, wakagonga mwamba. 2003 wakapeleka kesi kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Novemba 2009 tume ikaamua kwamba Kenya ilivunja haki zao: za ardhi, za dini, za utamaduni, za mali asili na za maendeleo. Umoja wa Afrika ukaunga mkono uamuzi huo Februari 2010. Tume ilisema warudishiwe ardhi yao, walipwe fidia, waruhusiwe kufika kwa maeneo yao ya ibada na malisho, na wapate sehemu ya faida ya hifadhi. Ilikuwa mara ya kwanza tume hiyo kutambua haki za jamii asilia kwa ardhi ya mababu namna hiyo, na wanasheria dunia nzima huitaja kesi hii mpaka leo.

Je, yote yalitekelezwa? Hapana. 2014 serikali iliunda kikosi kazi kuhusu uamuzi huo, lakini Waendorois wameendelea kudai utekelezaji kamili. Hata UNESCO ilipoipa Bogoria cheo 2011, tume hiyo hiyo ya Afrika ilisikitika kwamba jamii haikushirikishwa vizuri.

Inakuhusu aje wewe na mayai yako? Hivi:

- Chukua mwongozaji wa Loboi, si dalali wa kutoka mbali. Kula hapo, nunua asali hapo. Baringo inajulikana kwa asali, na hiyo doh inabaki kwa wenyewe.
- Ukipata watu wana sherehe au maombi ziwani, usiwapige picha kama hujaruhusiwa. Ungependa mtu asimame na simu kwa mazishi ya mzee wenu ocha?
- Usiite place "haijulikani" ama "nimeigundua". Inajulikana. Ina wenyewe.
- Usichukue mawe, manyoya, wala kuandika jina lako kwa mwamba.

Sisi watu wa Gusii tunajua ardhi ni nini. Shamba la robo eka limeleta kesi za miaka ishirini kwa familia nyingi. Kwa hivyo hii stori ya kuambiwa utoke kwa mababu zako tunaweza kuielewa bila kufundishwa.

MSIMU NA USALAMA

Aprili na Mei mvua huwa nyingi, mito ya msimu hufurika na barabara za udongo huwa tope. Miezi mikavu ni rahisi zaidi, ingawa joto ni kali. Fika chemchemi asubuhi mapema: hewa ikiwa baridi mvuke huonekana vizuri, na jua halijakuchoma.

Kuhusu usalama, sehemu zingine za Baringo zimekuwa na mashambulizi ya majangili, na Februari 2023 serikali iliweka Baringo kati ya kaunti sita zenye operesheni ya usalama. Upande wa Loboi ndio wageni hutumia. Fuatilia habari wiki ya safari, tembea mchana, na usijitungie njia ya mkato ya kuzunguka ziwa kwa sababu ramani ya simu imekuonyesha mstari.

KAMA DOH HAITOSHI, AU UNATAKA TOFAUTI

Homa Hills na Simbi Nyaima. Hii ni ya karibu kabisa kwa mtu wa Kisii: Oyugis, Kendu Bay, halafu Karachuonyo. Homa Hills kuna chemchemi za moto ndogo karibu na Ziwa Victoria. Si hifadhi kubwa, ni kwa wenyeji, kwa hivyo salimia na uulize kwanza. Simbi Nyaima ni ziwa la kreta karibu na Kendu Bay, ambako hadithi ya Waluo inasema kijiji kilizama baada ya kumnyima mama mzee ukarimu. Siku moja inatosha.

Hell's Gate, Naivasha. Mbuga ya tangu 1984, unafika kwa Bomet na Narok. Kwa korongo la Ol Njorowa kuna maji moto yanayotiririka kwa mawe. Lakini shika hii: mafuriko ya ghafla yaliua watu 7 Aprili 2012 na wengine 7 Septemba 2019. Mvua ikinyesha hata mbali kule juu, korongo si la kuingia. Walinzi wakifunga, usibishane.

Sempaya, Uganda. Iko ndani ya Mbuga ya Semuliki, mpakani na Kongo. Kuna chemchemi mbili ambazo wenyeji huita ya kike na ya kiume, na msitu mnene umezizunguka. Ni ya wale wenye likizo ndefu.

MASWALI YA HARAKA

Naweza kwenda peke yangu? Unaweza, lakini gharama ya usafiri wa ndani itakulemea. Watu wanne ni hesabu nzuri.

Network iko? Marigat iko. Ndani usitegemee. Ambia mtu nyumbani mnarudi saa ngapi.

Drone? Kenya drone inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa ndege, na hifadhi inataka ruhusa yake. Bila karatasi, iache.

Harufu ya mayai viza ni nini? Ni gesi ya salfa. Kidogo haina neno, lakini ukihisi kizunguzungu, toka uende kwa hewa safi.

Maji moto yanatibu? Watu wengi wana imani na maji ya aina hii, na maji ya uvuguvugu hulegeza misuli kweli. Lakini usiache dawa za daktari kwa sababu ya dimbwi.

Nibebe nini cha lazima? Maji lita tatu, kofia, viatu vya kufunika, kitambulisho, power bank, cash kidogo, kitambaa safi, na mfuko wa kurudi na takataka zako.

Na mayai? Nunua Marigat. Ukiyabeba kutoka Daraja Mbili hadi huko kwa mat tatu na nduthi moja, utafika na omeleti.